Niliandika "Yupo"

Nakumbuka siku moja nilikula pweza wa nazi harusini, nikalamba na vidole, kisha nikaingia chumbani nikaandika kwenye daftari kwamba pweza huyohuyo yupo shimoni kwake, mzima, analinda mayai. Usicheke, mjukuu wangu. Au cheka tu, maana siku hizi hata mimi hucheka. Lakini kesho yake nilitamani mwamba upasuke unimeze.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba hapa hapa Kiswere, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri hata watu wakawa wananiletea barua zao niwaandikie. Nililelewa na Bibi Mwanahawa, mama yake mama yangu. Bibi alikuwa mchokoaji pweza. Maji yakipwa alishika mchokoo wake, ile fimbo ya kumtolea pweza shimoni, akaenda mwambani na wanawake wenzake, na akirudi mtungo wake ulikuwa mzito kuliko ya wote. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, lakini hakuwa akiyahitaji sana. Alitia mkono shimoni akajua nani anaishi humo na kama yupo nyumbani.

Mwaka huo akaja mgeni, Dokta Sumana, kutoka Sri Lanka, kisiwa cha ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Chuo fulani kilimtuma kuchunguza pweza, na mwenyekiti wa kijiji akampangia chumba kwetu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, nywele amezifunga mkia mmoja mrefu mgongoni. Kiswahili alikisoma vitabuni, kwa hiyo kilikuwa safi kuliko chetu, na kila neno la pili lilikuwa "tafadhali."

Dini yake ilikuwa ya Budha. Sisi tulikuwa tunawajua Waislamu wenzetu, na Wakristo wa kule milimani Kipatimu. Mbudha hatukuwa tumemwona hata mmoja. Kila alfajiri tukimaliza kuswali tulimkuta ameketi ukumbini juu ya mkeka, miguu ameikunja, macho ameyafumba nusu, hasemi kitu. Jirani yetu Bi Zainabu akaeneza kwamba anaita majini ya pweza. Wanasema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na hapa kwetu neno likishatoka mlangoni halina wa kulishika. Lakini Bibi hakupenda mambo ya kuzunguka. Siku moja akamwuliza mwenyewe.

"Dokta, pale asubuhi unafanya nini?"

"Natazama pumzi yangu, Bibi. Inaingia, inatoka."

"Kwani inaweza kupotea?"

Dokta alicheka mpaka akashika ukuta. "Pumzi haipotei. Mimi ndiye ninayepotea. Nasema naitazama, kumbe nimeshafika sokoni."

Bibi akakiri kwamba hata yeye, Mungu amsamehe, kuna swala zilizomkuta yuko sokoni. Tangu hapo wakawa mashoga.

Alitushangaza kwa mengi yule mama. Hakuua hata mbu. Alimpuliza tu aende zake. Sisi tukimpiga pweza juu ya mawe alainike, yeye alisogea mbali akageukia bahari, na chakula chake kilikuwa kisamvu na maharage. Bibi alimtania kwamba mtaalamu wa pweza asiyeonja pweza ni kama fundi viatu anayetembea peku. Hakuchukia. Wala hakutuambia hata mara moja kwamba tunakosea.

Jioni moja tulikuwa tunachambua mchele, sote watatu, Bibi akamwuliza kama dini yake haimkatazi kuchunguzachunguza viumbe. Dokta akaacha ungo.

"Kwetu watawa huchuja maji ya kunywa kwa kitambaa, wasije wakameza kitu chenye uhai," alisema. "Nilipokuwa msichana niliazima hadubini shuleni, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo, nikaipeleka hekaluni kwa mtawa mzee aliyenifundisha dini. Nikaweka tone la maji yake, yale aliyokwisha kuyachuja. Vilikuwemo viumbe vinaogelea."

"Akakasirika," alisema Bibi.

"Mimi pia niliogopa hivyo. Aliinama pale akatazama mpaka mgongo ukamwuma. Halafu akasema, 'Miaka arobaini nilidhani ninajua ninachokunywa.' Akanishukuru. Akaniomba nimtafutie kitambaa kizito zaidi."

Dokta akachukua punje moja ya mchele akaigeuzageuza kidoleni.

"Akaniambia niendelee kusoma. Lakini nisimwamini yeye kwa kuwa amevaa vazi la utawa, wala kitabu kwa kuwa kina jalada, wala hadubini kwa kuwa inang'aa. Nitazame mwenyewe. Na nikishajua, nijiulize kama ujuzi huo unampunguzia mtu maumivu, au unanipa kiburi tu."

Bibi alichambua ungo mzima. Mwishowe akanigeukia. "Somoe, huyo mzee angekuwa si mtawa ningekuoza kwake."

Hata mwalimu wetu wa madrasa, alipohadithiwa, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema Mwenyezi Mungu ametuamrisha tutazame alivyoumba, na kwamba wengi wetu tunaisoma amri hiyo kwa sauti nzuri huku tumefumba macho. Nakwambia haya usije ukadhani nilibadili dini. Sikubadili, wala yule mama hakuniomba. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi wote watatu tulikuwa watu wa kuinama.

Sasa sikiliza kazi niliyopewa. Pweza jike akitaka kutaga huingia shimoni akajifungia kwa mawe. Huyatundika mayai yake juu, kwenye dari ya shimo, akabaki humo akiyapulizia maji, hali chakula. Vitabu vya Dokta vilieleza habari hizo kwa bahari za mbali. Yeye alitaka kujua za hapa: mama huyo hukaa siku ngapi mpaka mayai yapasuke? Wachokoaji wetu walikuwa wakiwatoa mama hao kwanza, maana aliyejifungia hakimbii. Wakati huo pweza walikuwa wanapungua, na kila mwaka mitungo ilizidi kuwa mifupi. Wanawake walikuwa tayari kuwaacha mama wale, lakini walitaka kuambiwa siku.

"Tumbo halingoji bila hesabu," alisema Bi Zainabu, na kwa hilo sikumlaumu.

Dokta akanichagulia mama mmoja aliyejifungia pembeni ya jiwe tuliloliita Jiwe la Mdomo. Tukafunga kitambaa cha kanga pale kama alama, wachokoaji wasiliguse shimo lile. Akanipa daftari na kisanduku chenye kioo chini, ambacho ukikilaza juu ya maji unaona mpaka ndani. Kila siku maji yakipwa niende, nitazame, niandike mstari mmoja.

"Andika ulichokiona tu," aliniambia. "Siku usipokwenda, acha mstari mtupu, tafadhali. Mstari mtupu nao ni elimu."

Nilidhani ni maneno ya kizungumkuti ya wasomi. Nikaitikia tu.

Mwanangu, siku zile sijui nizielezeje. Nilikuwa nikilaza uso juu ya kile kisanduku na dunia inanyamaza. Kelele za wanawake zinakwenda mbali, jua la saa nne linanichoma mgongo wala silisikii. Kati ya mawe mawili nilikuwa naliona jicho lake. Nyuma yake mayai yamening'inia, meupe, madogo kama punje za mchele, na kila akipuliza yanayumba yote pamoja, taratibu, yanakwenda, yanarudi. Nikawa nalala naota yanayumba. Nikiamka sijui kama niko kitandani au niko ndani ya maji. Wiki ya kwanza nilimtazama kwa hofu, ya pili kwa mapenzi. Ya tatu, naona aibu kusema, nilikuwa namtazama mara moja tu kisha naandika, kwa sababu nilishamjua.

Ndipo ikafika harusi ya Fatuma, binti wa mama yangu mdogo. Wageni walikuja mpaka kutoka Miteja. Asubuhi ya Ijumaa nilipakwa hina mikononi na miguuni, na wewe unajua hina mbichi haipelekwi baharini. Nikajiambia: yupo, atakwenda wapi? Ana mayai. Bibi na wenzake walikwenda mwambani kutafuta kitoweo cha wageni. Kile kitambaa cha alama mawimbi yalikuwa yamekichukua usiku, nami sikujua, kwa kuwa sikwenda.

Tukala, tukaimba. Jioni nikafungua daftari. Kalamu ilipita bila kusita: "Yupo. Anapuliza mayai. Maji maangavu." Sikuhisi kwamba ninadanganya, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kesho yake saa mbili wanawake wa pweza walikusanyika barazani kwa mwenyekiti. Dokta aliwasomea daftari mstari kwa mstari, na sauti yake ilikuwa na furaha. Alipofika mwisho akasema, "Na jana, siku ya ishirini na mbili: yupo."

Bibi akainua kichwa. "Shimo lipi hilo, Dokta?"

"La Jiwe la Mdomo, Bibi."

"Basi jana nilimtoa mimi. Alikuwa amejifungia. Nilitia mkono nikagusa mayai juu, laini. Wageni wamemla."

Kisha Bi Zainabu akacheka. "Bi Mwanahawa, jana ulikuwa jiwe jingine. Si unasikia? Imeandikwa yupo."

"Nalijua Jiwe la Mdomo."

"Ulilijua ulipokuwa na macho, bibi yangu."

Wakacheka wote. Haikuwa kwa ubaya, ndivyo tunavyocheka sisi. Lakini mmoja akaongeza kwa huruma kwamba ingekuwa heri Bi Mwanahawa asiende tena mwambani, asije akapotelea huko maji yakamkuta. Wengine wakaitikia kweli, kweli, abaki nyumbani apumzike. Mambo yalikuwa yanaamuliwa, mwanangu. Bibi yangu alikuwa anatolewa baharini, naye bila bahari angekufa kwa huzuni, nami nilijua.

Niliketi pale na daftari lilikuwa mbele ya Dokta, hatua tatu kutoka kwangu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nikanyamaza.

Bibi alitazama vidole vyake. Akavifungua, akavifunga. "Huenda," alisema polepole. "Huenda nimechanganya."

Dokta Sumana peke yake hakucheka. Akafunga daftari. "Bibi anasema hivi, daftari linasema vile. Maji yanapwa saa nne. Twende tukatazame."

"Lakini imeandikwa, Dokta!" alisema Bi Zainabu. "Na daftari ni lako!"

"Ni langu, ndiyo. Kwa sababu hiyo natakiwa kulitilia shaka kuliko ninyi."

Tukaenda kundi zima. Mimi nimebeba kisanduku. Maji yalikuwa yamerudi nyuma sana, mwamba umebaki wazi unametameta, na madimbwi yalikuwa yametulia kiasi kwamba mawingu yalikuwa chini ya miguu yetu. Nilitembea kama mtu aliye ndotoni, natamani njia isiishe. Mbele yangu Bibi alikuwa anapapasa kwa mchokoo kila hatua. Miaka yote niliyotembea naye sikuwahi kumwona akipapasa. Alikuwa ameanza kuwaamini.

Tulipofika Jiwe la Mdomo, Dokta akanyoosha mkono nimpe kisanduku. Nikashindwa kukiachia.

"Usiiname, Dokta. Hayupo. Jana sikuja. Nilikuwa na hina."

Hakuna aliyecheka. Dokta alinitazama, kisha akachukua kisanduku, akainama, akatazama hata hivyo. Alipomaliza akampa Bi Zainabu, naye akampa anayefuata, mpaka kikanifikia mimi. Mawe ya mlango yalikuwa yametawanyika. Mayai machache yalikuwa bado yananing'inia, hayayumbi, na samaki wadogo walikuwa wanayadonoa moja moja. Nikalia ndani ya kile kisanduku mpaka kioo kikafifia.

Dokta akaketi juu ya mwamba uliolowa, na nguo zake zote.

"Ulipoandika, ulijua ni uongo?"

"Hapana. Nilikuwa na hakika."

"Afadhali ungejua," alisema. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Anayedanganya anajua kwamba hakuona. Mwenye hakika hata hilo limempita. Unaniona nakaa mkekani kila alfajiri, Somoe. Nakaa kwa sababu hiyo. Hakika huingia moyoni kimya, kama usingizi, na mtu hajui dakika aliyosinzia."

Akamgeukia Bibi, akaunganisha viganja vyake kifuani, ndivyo wanavyoheshimiana kwao. "Na mimi nimekosa, Bibi. Nililisoma daftari lile kwa furaha kwa kuwa lilisema nililotaka kusikia. Tafadhali nisamehe. Na tafadhali niambie vidole vyako viligusa nini."

Bibi akamweleza, na Dokta akaandika kila neno, juu yake akaweka: "Ameyasema Bi Mwanahawa, aliyegusa kwa mkono wake." Mimi nilikuwa nimepiga magoti majini nimeshika miguu ya Bibi. Aliniinua kwa sikio. "Simama, unalowesha nguo ya harusi," alisema.

Usiku huo, kabla hatujalala, aliniambia jambo moja tu. "Kuchekwa si kitu, nimechekwa sana. Kilichoniuma ni kwamba mikono hii ina miaka hamsini baharini, na mstari wako mmoja ukanifanya niione si yangu." Kisha akazima taa. Aliendelea kwenda mwambani miaka mingine sita, na hakunikumbusha tena.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dokta aliniuliza ni siku zipi nyingine nilizoandika bila kutazama vizuri, nami kwa kweli sikuweza kuapa. Akapiga mstari wa kufuta daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, kwa upole kama anayefunika maiti. Muda wake wa kukaa ulikuwa unakwisha. Aliondoka bila kuipata ile hesabu, na wanawake, kwa kuwa hawakupewa siku, waliendelea kuwatoa mama wale msimu mzima. Kila mtungo uliopita mlangoni nilijua sehemu yake ni yangu. Aliniachia kisanduku cha kioo, hakuniachia neno lolote la lawama.

Mwaka uliofuata nilimtafuta mama mwingine, mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Nilimkuta siku aliyokuwa anavuta mawe ya mlango. Nikaenda kila maji yalipopwa, alfajiri, mchana, jioni, mvua na jua. Nilijifunza kumtazama mara tatu kabla ya kuandika, na kila mara nilijiuliza kama ninaona au ninakumbuka ya jana. Alikonda, akawa mweupe. Siku ya mwisho mayai yalikuwa yanapasuka, na watoto walitoka kama vumbi kwenye mwanga wa dirishani, wengi hata jicho halikujua lifuate nani. Yeye alipuliza mara moja, akapuliza tena, kisha akaacha. Nilikaa naye mpaka maji yakanifika kifuani.

Nikaenda kwa wanawake barazani pale pale, na hesabu yangu mkononi. Nilipoitaja, Bi Zainabu akanikazia macho.

"Umeona, Somoe, au umeandika?"

Watu wakainamisha nyuso. Nilistahili, mwanangu, nalo lilinichoma mpaka ndani.

"Nimeona," nilisema. "Isipokuwa siku mbili. Nilikuwa na homa, sikwenda. Siku hizo sijui alikuwaje, mistari yake ni mitupu."

Nikamwonesha. Hakujua kusoma, lakini mstari mtupu hauhitaji kusomewa. Akapitisha kidole chake pale, juu ya ile nafasi nyeupe, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akawageukia wenzake. "Huyu sasa mwaminini," alisema. Na siku ile wakakubaliana kuwaacha mama waliojifungia mpaka hesabu itimie, jambo ambalo daftari zima la mwaka uliotangulia, lenye "yupo" ishirini na mbili, halikuweza kulileta.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, na sitaipamba. Soma sana. Soma vya shuleni, vya msikitini, vya kwenye simu yako hiyo, na ukimpata mwalimu wa dini nyingine mwenye moyo safi keti mbele yake usikilize. Lakini usiseme "najua" kwa kuwa umesoma, wala kwa kuwa mimi bibi yako nimesema, wala kwa kuwa jana ilikuwa hivyo. Nenda ukatazame. Ambacho hujakiona, tamka mbele za watu kwamba hujakiona, hata kama wanakusubiri, hata kama hina haijakauka. Na elimu yako ikimfanya mzee mmoja aitilie shaka mikono yake, simama palepale useme kweli kabla hamjafika jiweni, usichelewe kama nilivyochelewa mimi.

Mwenyezi Mungu akufungue macho na akuachie unyenyekevu, akupe walimu wasioogopa kushukuru, akulinde na hakika inayokuja kimya. Na siku utakapoulizwa usilolijua, akupe nguvu ya kusema sijui, na watu wa kukuamini kwa ajili ya neno hilo. Amina.